Mungu Alituamsha



Katika shirika letu la parokia ya Nyantende nimeombwa zaidi ya mara moja kutoa ushuhuda huu. Nilisimama, nikasema maneno machache, nikakaa. Mdomo ulikataa. Kuandika ni nafuu kidogo, kwa sababu pakiwa pazito ninaweza kuweka kalamu chini, nikatoka nje, nikavuta hewa, nikarudi. Ninakuandikia wewe mama mwenye mtoto mchanga, ambaye umeme umekatika kwako, baridi imeingia ndani, na nje kuna watu ambao hutaki wajue kama upo. Mimi nilikuwa mama huyo mwezi wa pili mwaka 2025. Niko hai. Mtoto yuko hai. Wote tuliolala nyumba ile tuko hai, na sifa ni za Mungu.

Nianze na shofo, maana yote yalianzia hapo.

Shofo ni ile mashine ya umeme ya kupasha maji, tangi linalotundikwa ukutani katika chumba cha kuogea. Yetu ilikuwa ya lita 80, pengine ni nzee kuliko mimi. Mume wangu aliinunua kutoka nyumba moja ya Muhumba, mjini Bukavu, zile za wakati wa Wabelgiji kando ya ziwa, wenyewe walipokuwa wanabomoa bafu la zamani. Hapa Nyantende wengi hawana kitu hicho, na majirani walitutania kwamba sasa tumekuwa wazungu. Lakini hakuinunua kwa sifa. Aliinunua kwa ajili ya mama yake. Koko, ndivyo tunavyomwita, ana magoti mabovu. Bukavu kwenyewe ni karibu mita 1,500 juu ya bahari, na sisi tuko milimani, kwenye barabara ya kwenda Mugogo na Walungu. Usiku wa mvua huku, baridi inaingia hadi kwenye mifupa. Jioni koko akimwagiwa maji ya moto, magoti yanalegea, analala. Asipomwagiwa, hakuna anayelala nyumbani.

Umeme tunao, siku ukipenda kuja. Mto Ruzizi unatoka ziwani hapohapo Bukavu, na mitambo ya Ruzizi ya pili inazigawia umeme nchi tatu, Kongo, Rwanda na Burundi, tangu mwaka 1989. Mimi ni mwalimu wa Kifaransa, sekondari. Wanafunzi wakiniuliza kwa nini sisi majirani wa mto tunalala gizani, ninawaambia watazame chupa na mifuko ya plastiki inavyoelea kutoka mjini kuelekea mitamboni, maana taka hizo huziba njia ya maji. Si jibu lote, lakini ndilo wanaloweza kulishika kwa mikono yao.

Mwishoni mwa mwezi wa kwanza maji ya bomba yalikatika. Umeme nao ukakatika. Usiku mmoja umeme ukarudi kabla ya maji. Tulisikia kitu kinalia ndani ya tangi, halafu harufu ya kuungua, halafu giza. Wifi yangu alitoka na tochi. Rangi ya ukuta ilikuwa imebabuka na waya zimekuwa nyeusi. Tukafunga mlango wa bafu, tukashukuru kwamba nyumba haikuwaka.

Nilikuwa nimekaribia kujifungua. Mume wangu alikuwa Kinshasa kwa masomo, na bado yuko huko. Kwenye simu aliniambia nivumilie, akituma pesa tutaita fundi. Tarehe 27 ya mwezi huohuo Goma ilichukuliwa na waasi wa M23. Basi, nani tena angefikiria shofo? Watu walinunua unga na chumvi. Walificha vyeti vya shule na picha za harusi. Baadaye benki za Bukavu zikafunga milango, mshahara wangu ukabaki humo, na noti zikawa haba hata kwa wale waliokuwa na pesa kwenye simu.

Mtoto alizaliwa siku za kwanza za mwezi wa pili. Mvulana, mdogo, lakini mwenye sauti.

Kwetu mzazi hukandwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni, na mtoto huogeshwa kwa maji ya vuguvugu. Hilo halina mjadala, hasa mama mkwe akiwa nyumbani. Kwa kuwa shofo ilikufa, tukarudi kwenye mbabula, jiko letu la makala, kama nyumba nyingine zote za hapa. Wifi aliiwasha nje, chini ya paa, upande wa migomba. Alipepea mpaka moshi ukaisha na makala yakawa mekundu, ndipo akabandika sufuria kubwa. Nililelewa na mbabula. Nani huku anaiogopa mbabula?

Ijumaa tarehe 14 tulisikia kwamba uwanja wa ndege wa Kavumu umechukuliwa. Kavumu iko kaskazini, upande wa pili wa mji, lakini habari ilitufikia kabla ya jua kutua. Jumamosi mjini kulikuwa na uporaji. Maghala yalivunjwa, watu walibeba magunia, risasi zilipigwa. Barabara yetu ikajaa: wenye kukimbia mji, wenye kurudi mjini kutafuta ndugu zao, askari waliokuwa wanaondoka, magodoro vichwani, mbuzi, watoto wanaolia. Sikujua nimwogope nani. Niliwaogopa wote wenye bunduki.

Jioni mvua ikaanza. Tukaamua kulala stoo, kile chumba kidogo katikati ya nyumba. Sababu moja tu: hakina dirisha. Kila mtu aliyepitia vita ya Bukavu ya mwaka 2004 atakuambia kwamba risasi hupita dirishani. Tuliingia wote: mimi na mtoto, koko, wifi, binti yangu wa kwanza mwenye miaka tisa, na mdogo wake. Tuliziba chini ya mlango kwa kitenge ili mwanga wa mshumaa usionekane nje. Tuliegemeza godoro mlangoni.

Mbabula haingeweza kubaki nje. Mvua ingeizima, na wekundu wake ungemwonyesha mpita njia kwamba hapa kuna watu. Wifi akaiingiza. Makala yalikuwa yamekwisha kushika vizuri, hakuna moshi hata kidogo. Sufuria juu. Koko akasema wekeni na bakuli la maji pembeni, linakula sumu ya makala. Ndivyo wazee husema, na tuliweka.

Tulisali rozari kwa sauti ya chini. Wifi alinikanda. Tulimwogesha mtoto, nikamnyonyesha. Joto likaenea. Nakumbuka nilijisikia vizuri, mwili wote umelegea, mara ya kwanza tangu kujifungua. Nje risasi zililia mbali, halafu karibu, halafu mbali. Watoto walikuwa wamelala. Nikasema moyoni, Bikira Maria, tufunike.

Nililala.

Sijui ilikuwa saa ngapi. Nilisikia ndoo ikianguka.

Ilikuwa ndoo tuliyoiweka pembeni kwa ajili ya haja ndogo. Binti yangu aliamka, akataka kwenda, akaanguka juu yake. Hakuinuka. Nilimwita. Hakujibu. Nilitaka kumkaripia kwa kelele ile, kwa sababu ya watu wa nje. Ulimi ulikuwa mzito.

Kichwa kilikuwa kinapigwa nyundo. Nilitaka kusimama. Miguu haikuwepo. Ilikuwepo, ninaiona, lakini haikunisikia.

Nilitapika hapohapo nilipolala.

Nikamgusa mtoto. Alikuwa na joto. Nikamtikisa. Kichwa chake kilienda upande huu, kikaenda upande ule. Hakulia. Mtoto wangu wa kulia kila saa. Hakulia.

Nilimwita koko. Kimya. Nilimwita wifi. Aliguna, akageuka ukutani.

Hapo ndipo nilijua kwamba kifo kimo humu ndani. Sikujua ni kifo gani. Nilifikiri tumerogwa. Nilifikiri wametupulizia kitu chini ya mlango. Sikuifikiria mbabula. Ilikuwa imekaa pale, nyekundu, nzuri, na sufuria yake.

Nilitambaa. Mtoto mkono mmoja. Nilifika kwenye godoro la mlangoni. Na pale nikasimama, yaani nikaacha kutambaa. Kwa sababu nilisikia watu barabarani. Sauti za wanaume. Buti kwenye tope.

Nikifungua, watatuona. Nisipofungua, sijui.

Hapa ndipo mdomo unaponikataa kila mara kwenye shirika. Nilikaa pale. Si muda mrefu, lakini nilikaa. Niliwasikia wale wanaume na nikasikia pumzi ya mtoto wangu, na pumzi ilikuwa ndogo. Nikasema, Yesu. Sikusema kitu kingine. Sikuwa na sala nyingine.

Nikavuta godoro. Nikavuta kitenge. Nikafungua.

Hewa ya baridi ikaingia na harufu ya mvua. Nikapita sebuleni nikitambaa, nikafungua na mlango wa nje wa upande wa migomba. Nikamtoa mtoto. Nikamlaza kwenye saruji chini ya paa, matone yanamrukia usoni. Nikarudi. Sijui nilirudije. Nikamvuta binti kwa mguu. Nikamvuta mdogo wake. Wifi alikuwa ameamka nusu, akatoka mwenyewe akiegemea ukuta, akaanguka mlangoni. Koko alinishinda. Mama mzito. Nilimvuta kwa kitenge chake mpaka kizingitini, kichwa chake kikawa nje na mwili ndani, nguvu zikaniisha.

Nikapiga kelele. Sikujali tena buti.

Wale wanaume hawakuja. Walipita. Aliyekuja ni jirani yetu muuguzi, alipita katikati ya migomba na tochi mdomoni na mkewe nyuma yake. Alinusa makala, akaingia ndani huku amebana pumzi, akatoka na mbabula, akaimwaga kwenye mvua. Mpaka leo nikisikia maji yakimwagwa juu ya makala ya moto, ile sauti ya "tssss", mikono yangu hutetemeka.

Akamchukua mtoto. Akamkuna nyayo. Akampulizia hewa mdomoni na puani, polepole, kidogo kidogo. Mkewe alimshika binti yangu, akamgeuza upande ili asisongwe na matapishi. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye tope naangalia kifua cha mtoto. Kikipanda, ninapumua. Kisipopanda, sipumui.

Akalia.

Sauti ya paka mdogo. Lakini akalia.

Hatukuweza kutoka usiku ule. Barabara haikuwa ya watu. Tulikaa nje chini ya paa, tumefunikwa vitenge na blanketi za jirani, mpaka kukapambazuka. Muuguzi alikataa turudi ndani, hata sebuleni. Alfajiri vijana wa shirika wakaja na tipoyi, machela ya kubebea wagonjwa. Wakambeba koko, ambaye alikuwa anafumbua macho na kufumba, hasemi. Sisi wengine tulitembea tukishikana mikono. Ilikuwa Jumapili tarehe 16. Siku hiyo M23 walikuwa katikati ya mji wa Bukavu, dunia nzima ilikuwa inalizungumzia hilo kwenye redio, na mimi nilikuwa sijui wala sitaki kujua. Nilikuwa natazama kifua cha mtoto.

Hospitalini walituweka kwenye oksijeni kwa zamu, koko na mtoto kwanza. Mashine ile inataka umeme, na jenereta ilikuwa inakohoa. Kila ikikohoa nilishika msalaba wangu.

Wageni waliokuja kututazama walisema ni mazuku. Unajua mazuku, ile hewa mbaya ya Goma na Sake, inayokaa kwenye mashimo ya mawe ya volkano na kuua mbuzi na wakati mwingine watoto. Daktari alitikisa kichwa. Mazuku ni hewa nyingine, nzito, hulala chini mabondeni. Yetu ilitoka kwenye mbabula, inaitwa kaboni monoksidi, na uzito wake ni karibu sawa na hewa tunayovuta, kwa hiyo hujaa chumba chote, chini na juu ya kitanda. Haina rangi wala harufu. Makala yanapowaka mahali ambapo hewa mpya haiingii, huitoa kwa wingi, na yale mekundu yasiyo na moshi ndiyo hudanganya, kwa kuwa watu tumefundishwa kuogopa moshi. Ikifika kwenye damu hushikana nayo kwa nguvu zaidi ya mara 200 kupita oksijeni. Damu inazunguka, lakini haibebi kitu. Ubongo na moyo vinalala njaa. Ukivuta hewa ya kawaida, inachukua kama saa nne au tano kuondoa nusu ya sumu. Kwa oksijeni safi, karibu saa moja na nusu. Na bakuli la maji? Daktari alimtazama koko kwa heshima, akasema, "Mama, bakuli halifanyi kitu."

Nilipopata nguvu nilimkumbuka Zola. Nimewafundisha wanafunzi habari zake miaka mingi, kwamba alikufa Paris mwaka 1902 kwa hewa ya makaa ya chumbani, bomba la moshi likiwa limeziba, madirisha yamefungwa. Waliamka usiku yeye na mkewe, wanaumwa. Akamwambia mkewe asiwasumbue watumishi, asubuhi watakuwa wazima. Mkewe alipona. Yeye hapana. Nilikuwa naipita habari hiyo haraka, dakika mbili, twende kwenye vitabu vyake. Sasa siipiti haraka. Darasa zima linajua dalili: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea, na watu wa chumba kimoja kuumwa pamoja kwa wakati mmoja. Hiyo ya mwisho ndiyo ninayowarudishia kila mara, maana malaria haiwashiki watu sita usiku mmoja.

Tulirudi nyumbani. Nilidhani yameisha.

Wiki kadhaa baadaye koko alianza kupotea. Alisimama jikoni akasahau alichokuja kuchukua, na hilo ni la wazee wote. Halafu akaniita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Halafu akaanza kutembea kwa hatua fupi za kuburuta, uso hauna cheko. Daktari alisema sumu ile inaweza kufanya hivyo: mtu anapona, kisha baada ya siku au wiki ubongo unaonyesha jeraha lake. Wengi hurudi, alisema, lakini polepole. Kwangu kipindi hicho kilikuwa kibaya karibu sawa na usiku wenyewe. Usiku ule nilikuwa na kitu cha kufanya, nilivuta watu. Hapa nilikuwa na kungoja tu. Wifi alimlisha. Watoto walimsalisha, maana rozari hakuisahau hata siku moja; alisahau majina yetu, lakini mafumbo yote aliyajua kwa mpangilio. Kuelekea kiangazi akaanza kurudi. Siku moja alimkaripia wifi kwamba ugali ni mbichi, na wifi akalia kwa furaha.

Sasa maji ya moto. Kwa sababu koko alirudi na magoti yake, na mtoto alihitaji kuoga, na mimi sikuweza kuona mbabula bila mwili kusisimka.

Kaka yangu alitoka Mumosho akatujengea kibanda cha jiko nje, nguzo nne na bati, pande zote wazi. Bidoni nyeusi tulizipanga juu ya bati la nyumba. Jua likiwaka, saa nane mchana maji yana joto la kutosha kumwogesha mtoto bila kuwasha hata kipande cha makala. Hiyo haina gharama, na ninakushauri uanze nayo leo ukiwa na bidoni. Lakini siku za mvua hazikosi.

Wamama wa likelemba, chama chetu cha kuchangiana pesa kwa zamu, walinipa zamu yangu kabla haijafika. Hawakuniuliza. Mume wangu alituma alichopata, na wakala wa simu akakata sehemu yake kubwa ili atupe noti. Shemeji aliyeko Kamituga akaongeza. Ndipo tukamwita fundi, mzee mmoja wa Panzi anayetembea na mfuko wake wa ngozi.

Alifungua shofo, akatazama muda mrefu.

"Mama mwalimu," akasema, "hii haikuuawa na umeme. Imekufa kwa kiu."

Alinionyesha. Maji ya bomba yalipokatika, yaliyokuwa ndani ya tangi yalirudi kinyumenyume kwenye bomba, kwa sababu hapakuwa na valvu ya kuyazuia. Umeme uliporudi, rezistansi, kile chuma kinachopasha maji, kikawaka kwenye tangi tupu, kikapasuka. Chini kulikuwa na chokaa nene ya miaka. Fimbo ya magnezi, inayoliwa na kutu badala ya tangi, ilikuwa imekwisha zamani, na kwa hiyo kutu imehamia kwenye tangi lenyewe. Valvu ya usalama, mtu wa nyumba ya kwanza aliikaza kwa sababu ilikuwa inadondosha maji. Fundi alikasirika kwa mtu asiyemjua. Valvu ile lazima idondoshe kidogo maji yakipanda joto, akasema. Ukiiziba, tangi linaweza kupasuka na kubomoa ukuta.

Nilimwomba aitengeneze. Rezistansi inapatikana Kadutu, nilikuwa nimeuliza bei. Hakubishana nami. Alichukua bisibisi, akaisukuma kidogo chini ya tangi. Ikaingia ndani.

Basi tukanunua nyingine, ndogo, ya lita 50. Alipigilia fimbo ndefu ya chuma ardhini nyuma ya nyumba, akaiunganisha na shofo kwa waya wa kijani na manjano, ili umeme ukivuja uende ardhini usipite kwa mtu aliyelowa. Akaweka dijonteri yake peke yake, ile ya miliamperi 30 inayokata umeme mara moja ukivuja. Akaweka valvu ya kuzuia maji yasirudi. Halafu akatuita wote, hata watoto, akatufundisha: maji yakikatika, zima shofo kwanza. Yakirudi, fungua robine ya moto mpaka yatoke mfululizo bila kukohoa hewa. Ndipo uwashe. Binti yangu ndiye aliyepewa kazi hiyo, na anaifanya kwa ukali wa padri. Hakuna anayegusa swichi bila ruhusa yake.

Umeme bado ni wa kuja na kwenda. Wiki nyingine shofo mpya inakaa ukutani tu, imepoa, na tunarudi kwenye bidoni za juu ya bati na kibanda cha nje. Sitakudanganya kwamba kila kitu kimetengenea. Usiku wa mvua ninaamka, ninaweka kiganja mbele ya pua ya mtoto, halafu ya binti, halafu ya mdogo wake, halafu ninakwenda kwa koko. Koko anajifanya amelala. Mtoto sasa anatembea. Anamwona baba yake kwenye simu na kumbusu kwenye kioo.

Wewe unayesoma, pengine huna shofo, huna wa kukutumia pesa, na chumba ni kimoja. Ninajua. Washa mbabula nje, chini ya chochote, uikoke mpaka maji yapate moto, kisha leta maji ndani na uache moto nje. Mvua ikikataa, mtoto alale bila kuoga, umfunge kifuani kwako, ngozi kwa ngozi, joto lako linamtosha. Hata koko amenikubalia hilo sasa. Na ukiamka kichwa kinauma na mwenzako anaumwa vilevile, usingoje kujua ni nini. Fungua mlango. Nakuambia mimi niliyekaa pale mlangoni nikisikiliza buti.

Jioni za mvua ninazunguka nyumba za jirani. Nikiona wekundu chini ya mlango, ninabisha. Wengine wananicheka, wananiita Mama Mbabula. Mama mmoja alinifukuza, akasema nimlipie mimi shofo. Nikarudi na kaka yangu, tukambebea mbabula yake mpaka chini ya paa, akasonya, akafunga mlango. Kesho yake jioni mvua ilinyesha tena, nikaenda tena.